Daftari la Wenyeji

Kanisani kwetu, hapa Iowa, mtu akisimama kutoa ushuhuda huanza na "Bwana asifiwe", watu wakaitikia, kisha anaeleza ugonjwa, deni au mtoto aliyepotea, na jinsi mkono wa Mungu ulivyofika. Wangu nimeukalia kwa muda mrefu kwa sababu una kitu kinachowachekesha wazee: ndani yake mna chama cha michezo. Tena si cha kandanda, ambacho mzee yeyote wa kwetu Fizi, Kongo, angekielewa. Ni chama cha wasichana wa shule za sekondari za jimbo hili, na mchezo wenyewe ni softiboli. Mchungaji aliniambia, "Mama, ushuhuda ni ushuhuda, usiuchagulie nguo." Basi naueleza kama ulivyo.

Nimezaliwa kando ya ziwa, upande wa Fizi. Vita ilipotufikia mwaka 1996 nilikuwa na miaka 14. Tulivuka Tanganyika usiku hadi Kigoma, tukapelekwa Nyarugusu, wilayani Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka huohuo kwa ajili yetu Wakongomani. Nikakulia pale, nikaolewa pale, nikazaa pale. Kwa miaka mingi nilikuwa karani wa mgao. Nasimama mlangoni mwa ghala na orodha yangu, mtu analeta kadi, naangalia namba ya kaya na idadi ya watu, natia alama, anapita kwenda kupimiwa unga, maharage, mafuta na chumvi. Kazi ile ilinizoesha kuandika safi kwa penseli nikiwa wima, na kutoyumba mtu anaponipigia kelele.

Iowa tulifika mwaka 2016. Wakongomani wengi huku tumeingia viwanda vya nyama, kwa sababu kule hawakuulizi Kiingereza. Wanakuuliza kama unaweza kusimama. Tuliishi nje kidogo ya Des Moines, na gari la kukodi la wafanyakazi lilitupitia alfajiri kutupeleka kiwandani, mwendo wa karibu saa nzima. Mimi nilikuwa zamu ya asubuhi, mume wangu zamu ya jioni. Tulipishana mlangoni. Kazi yangu ilikuwa kutenga mafuta na nyama kwenye bega la nguruwe: kisu mkono wa kulia, glavu ya nyavu za chuma mkono wa kushoto, ubaridi wa jokofu mwilini mwote. Asubuhi vidole vilikataa kufunguka. Nilivichovya kwenye maji ya moto kwanza ndipo niweze kufunga vifungo vya shati la mtoto. Simlaumu mtu. Mshahara ulikuwa unaingia, na watoto walikuwa wanakula bila kadi.

Softiboli iliingia nyumbani kwetu mwaka 2019 kupitia binti yangu mkubwa, aliyekuwa darasa la nane. Mwalimu wa michezo alimwona akirusha mpira, akamuuliza amejifunza wapi. Amejifunza wapi? Kwenye rede! Wasichana wote wa kambini wamecheza rede: wawili wanarusha kutoka pande mbili, mmoja yuko katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa. Mtoto aliyekua akilenga mbavu za mwenzake anayerukaruka hashindwi kulenga glavu iliyotulia.

Hapo ndipo nilipojua kwamba Iowa ina desturi yake. Kwingine Marekani wasichana wa sekondari hucheza softiboli majira ya kuchipua au ya vuli, shule zikiwa wazi. Hapa huicheza kiangazi, kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Julai, shule zikiwa zimefungwa, na mtoto aliyemaliza darasa la nane anaruhusiwa kuchezea timu ya sekondari kabla hajakanyaga sekondari yenyewe. Nilivyoelewa, sababu yake ni udogo wa miji. Shule za vijijini zilikuwa na wasichana wachache, na walewale waliocheza kikapu wakati wa baridi ndio walioshika gongo kiangazi; na jioni ya Julai, katika mji uliozungukwa na mahindi pande zote, watu hawakuwa na pa kwenda isipokuwa uwanjani.

Glavu yake ya kwanza tuliinunua duka la mitumba kwa dola nne. Ilikuwa imekauka kama ngozi ya ngoma iliyosahauliwa juani, na mume wangu akaipaka mafuta ya kupikia hadi ikalainika. Ilinuka maandazi msimu mzima.

Nilikwenda kumtazama jioni moja nikitoka kazini, na viatu vya kiwandani bado miguuni. Kama hujawahi kuuona mchezo huu, nakueleza kwa ufupi. Mpira ni wa manjano, mkubwa kuliko wa besiboli, mzingo wake yapata sentimita 30, na ni mgumu vya kutosha kukuvunja pua. Mrushaji anasimama mita 13 kutoka kwa mpigaji na kuuzungusha mkono wote chini kwa juu, duara zima, halafu anauachia usawa wa nyonga. Mpigaji hana hata nusu sekunde ya kufikiri. Timu ina wachezaji tisa uwanjani, na mchezo una zamu saba. Historia yake wanaisimulia kwa kicheko: ulianza Chicago mwaka 1887, siku ya baridi ya sikukuu ya Shukrani, vijana wa klabu moja ya makasia wakingojea matokeo ya mpira kati ya Yale na Harvard. Mmoja alirusha glavu kuukuu ya ndondi, mwenzake akaipiga kwa fimbo, na mwandishi wa habari George Hancock akaifunga ile glavu kwa kamba ikawa mpira. Walicheza humohumo ukumbini. Mchezo wa ndani ya nyumba, uliozaliwa na wavulana waliochoka kusubiri, ndio huu unaochezwa na mabinti wa wakulima chini ya taa na mbu.

Mimi siku ile sikuelewa chochote. Watu walipiga makofi mpira ukidakwa, wakapiga makofi mpira usipodakwa. Nyuma ya wavu, kwenye kiti cha kukunja, alikuwa amekaa mwanamke mzee wa Kizungu, kofia pana, na daftari refu magotini. Kila mpira ukirushwa anaandika. Nikasogea kuchungulia, na bila kunitazama akasogeza begi lake ili nipate nafasi ya kukaa.

Lile daftari nalijua leo kama kiganja changu. Kushoto majina ya wapigaji, juu zamu za mchezo, na kati yake vijisanduku. Kila kijisanduku kina umbo dogo la almasi, ambalo ni uwanja. Wachezaji wa ulinzi wana namba zao: mrushaji 1, mdakaji nyuma ya mpigaji 2, kituo cha kwanza 3, cha pili 4, cha tatu 5, yule wa kati ya cha pili na cha tatu 6, halafu wa nyuma 7, 8 na 9. Mpira ukipigwa ardhini, namba 6 akauokota na kuurusha kwa namba 3, mpigaji ametoka, nawe unaandika 6-3. Akikosa mara tatu kwa kuzungusha gongo, unaandika K. Akisimama tu akautazama mpira wa mwisho ukipita, K hiyohiyo unaiandika imegeuka nyuma. Mchezaji akizunguka vituo vyote na kurudi nyumbani, unaipaka almasi yake rangi ya penseli ikajaa.

Bibi yule (nilianza kumwita Bibi, akauliza maana yake, akaipenda, na mpaka leo nusu ya uwanja wanamwita Bibi) alinifundisha bila lugha. Anaonyesha uwanjani, anaonyesha namba, ananipa penseli. Kiingereza changu kilikuwa cha kiwandani: kisu, haraka, simama, mapumziko. Lakini orodha ni orodha. Safu, mstari, alama, jumla. Na jumla ya chini lazima ikubaliane na jumla ya pembeni, la sivyo kuna mtu kapewa mara mbili. Kufikia mwisho wa Juni alikuwa akienda kununua soda na kuniachia daftari zamu nzima.

Ni yeye aliyenipa historia ya chama, kidogokidogo, huku binti yangu akinitafsiria zile sehemu ngumu. Nami nimeihifadhi, maana huwezi kuelewa yaliyotupata mwaka 2020 bila kujua kitu hiki kimetoka wapi.

Wasichana wa Iowa walianza kuwa na mashindano ya jimbo ya mpira wa kikapu mwaka 1920. Miaka mitano haikupita vizuri ila wakuu wa elimu wakaanza kusema michezo ya ushindani inawaharibu wasichana: inawachosha, inawatoa haya, haifai kulipisha watu kiingilio kuwatazama. Hayakuwa maneno ya Iowa peke yake. Nchi nzima madaktari na walimu, wanawake kwa wanaume, waliyasema, na kiongozi mmoja mashuhuri wa vuguvugu hilo alikuwa Lou Henry Hoover, mke wa rais wa baadaye, yeye mwenyewe mzaliwa wa Waterloo, Iowa. Mwaka 1925 chama cha michezo ya sekondari cha jimbo kikapiga kura kuacha kusimamia michezo ya wasichana. Shule za miji mikubwa zikakubali.

Za vijijini zikagoma. Mkuu wa shule za Mystic, kimji cha wachimba makaa ya mawe kusini mwa jimbo, John Agans, aliwaambia wenzake kwamba wakijaribu kuuondoa mchezo wa wasichana watajikuta wamesimama katikati ya reli, na treni iko njiani. Basi yeye na wakuu wengine wa shule ndogo wakaunda chama chao. Ndicho hiki ninachokisema, Umoja wa Michezo ya Wasichana wa Shule za Sekondari za Iowa. Wenyeji wanauita Umoja tu. Hadi leo Iowa ndiyo jimbo pekee la Marekani ambalo wasichana wa sekondari wana chama chao kinachojitegemea mbali na cha wavulana.

Napenda kuwaambia kina mama wa kanisani sehemu hii, kwa sababu tumezoea kudhani haki za wanawake huku zilianzia mijini kwa wasomi. Hapa walioshikilia walikuwa watu wa makaa na mahindi. Sidhani walikuwa na falsafa yoyote. Walikuwa na mabinti, walikuwa na ukumbi, na siku ya mchezo mji mzima ulijaa ukumbini.

Kikapu chao kilikuwa cha ajabu: wachezaji sita kila upande, watatu wa kushambulia na watatu wa kulinda, mtu haruhusiwi kuvuka mstari wa kati wala kudundisha mpira zaidi ya mara mbili. Kiliendelea hivyo hadi 1993. Mama yake Bibi alikicheza miaka ya 1920, Bibi akakicheza miaka ya 1960, na ukimpa nafasi atakueleza mpaka taa zizimwe. Lakini kilichonihusu ni kingine. Mwaka 1954 uongozi wa Umoja ulikabidhiwa E. Wayne Cooley, mtu aliyeukalia uongozi huo hadi mwaka 2002, na mwaka 1955 softiboli ikapata mashindano yake ya jimbo. Fedha ya kiingilio na televisheni iliyotoka kwenye kikapu ikabeba michezo mingine. Tangu miaka ya 1970 fainali za softiboli huchezwa Fort Dodge, kwenye eneo moja lenye viwanja kadhaa, na kila Julai mji ule unajaa magari yaliyoandikwa majina ya wasichana kwa chokaa ya viatu kwenye vioo. Sheria ya taifa ya kuzuia ubaguzi wa kijinsia mashuleni ilikuja mwaka 1972. Wasichana wa hapa walikuwa wameshacheza miaka mingi.

Si kwamba njia ilikuwa nyoofu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Iowa ilikuwa na wilaya za shule zaidi ya 4,000. Leo zimebaki 300 na ushei. Shule zimeunganishwa, nyingine zimefungwa, na ile aliyosoma Bibi sasa ni ghala la mbolea. Timu mbili zilizokuwa mahasimu zinavaa jezi moja. Ndiyo maana, anasema, alifurahi alipoona gari letu limeegeshwa pale. Timu ilikuwa na wasichana tisa kamili, na mmoja alikuwa na kifundo kilichoteguka.

Sasa mwaka 2020.

Aprili viwanda vya nyama vya Iowa vilikuwa moto kwa korona. Kwetu ilianza na minong'ono: fulani hajaja, fulani kalazwa. Tulisimama bega kwa bega kama siku zote. Ndani ya gari la alfajiri tulijibana tukiwa tumejifunga vitambaa usoni, madirisha wazi, baridi ikitukata, mtu haongei. Mume wangu ndiye aliyeanza kukohoa. Nikafuata mimi, halafu mdogo wake aliyekuwa akiishi nasi. Mimi nilipoteza harufu na nguvu za miguu. Mume wangu alipoteza pumzi. Usiku mmoja midomo yake ilibadilika rangi, binti yangu akapiga simu, na watu wa gari la wagonjwa wakamtoa mlangoni wakiwa wamejifunika kama waenda mwezini. Hatukuruhusiwa kumfuata.

Mei yote alikuwa hospitalini, na sehemu ya Mei alikuwa kwenye mashine ya kupumulia. Kila jioni muuguzi alimpigia binti yangu kwa video, akaiweka simu karibu na sikio la baba yake, nasi tukasali kwa Kiswahili na Kibembe tukiiangalia pua iliyojaa mabomba. Aprili 28 rais alikuwa ametia saini amri ya kuhakikisha viwanda vya nyama vinaendelea kufanya kazi, kwa hiyo tulioweza kusimama tuliitwa turudi. Nilirudi. Kodi ya nyumba haikuwa na homa. Tuliporudi viti viwili vya gari la alfajiri vilikuwa vitupu, na waliokuwa wakivikalia tulikuwa tumewazika kwa simu, sanduku linashuka kwenye skrini, mchungaji na watu wachache wamesimama mbalimbali makaburini. Watu wetu hawazikani hivyo. Msiba usio na watu kulala nyumbani kwa wafiwa, usio na chungu cha ugali wala wimbo wa usiku, unabaki mwilini.

Binti yangu alikuwa na miaka 15, na ndiye aliyekuwa mama wa nyumba. Alipika, aliwafundisha wadogo zake masomo ya kompyuta, alizungumza na hospitali, na benki, na mwenye nyumba, kwa Kiingereza chake. Alikuwa hacheki tena. Halii wala hacheki. Nilimwogopa.

Mei 20 ikatangazwa kwamba michezo ya kiangazi ya sekondari itaruhusiwa: mazoezi Juni 1, mechi Juni 15. Iowa ikawa jimbo la kwanza Marekani kurudisha michezo ya sekondari tangu janga liingie. Watu waligombana sana juu ya uamuzi huo na mimi siwezi kusema ulikuwa wa busara. Kanisani waliniambia waziwazi kwamba mama ambaye mume wake yuko kwenye mashine hampeleki mtoto uwanjani. Shemeji yangu, ambaye mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza anatoka kitandani, alisema, "Mwache. Huyu mtoto akibaki humu ndani tutamzika na yeye, ila hatutakuwa na homa ya kusingizia."

Kocha alituma ujumbe wa simu kwa wazazi wote. Haukuwa na pole wala kututaka tuombeane. Ulisema: mazoezi saa moja na nusu asubuhi, pima joto la mtoto nyumbani kabla ya kuja, kila mmoja aje na chupa yake ya maji, glavu na kofia visiazimwe, wachezaji wakae mbalimbali, mwisho wa mchezo hakuna kupeana mikono. Binti yangu akausoma mara mbili. Kisha akaenda kutafuta glavu yake.

Nimeufikiria sana ujumbe ule. Sisi watu wa kambi tunaujua msaada. Tumekula chakula chake kwa miaka 20 na hatuudharau. Mwezi ule msaada ulikuja pia: vikapu vya kanisa, hundi ya serikali ya dola 1,200 kwa mtu mzima, majirani waliotuachia mchele mlangoni na kukimbia. Tulishukuru. Ila msaada unakuambia wewe umeumia, kaa. Ule ujumbe ulimwambia mtoto wangu kwamba kuna nafasi uwanjani, ya namba 6, na isipojazwa na yeye itakuwa tupu. Kulikuwa na ratiba, basi la shule na mwamuzi aliyekwisha pangwa katika mji fulani ambaye atasimama kumngojea saa kumi na moja na nusu Jumanne. Mashine yote hiyo ilitengenezwa na watu wa Mystic na wenzao, karibu miaka mia moja nyuma, kwa ajili ya mabinti ambao wakubwa walisema hawawezi. Ilikuwa bado inazunguka, na ikamvuta na yeye.

Juni 15 nilikwenda nikitoka kazini. Watazamaji walikaa familia kwa familia, kila moja na blanketi yake. Sikumwona Bibi. Kocha akanijia na lile daftari refu, akaliweka juu ya benchi, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaelekeza kidole nyuma ya uzio wa mbali. Lori dogo la Bibi lilikuwa limeegeshwa pale, vioo vimepandishwa, yeye ndani na darubini. Ana umri wa kuogopa ugonjwa ule, na mapafu yake si mazuri. Alikuwa ameagiza daftari nipewe mimi.

Mikono ilinitetemeka, na kwa mara ya kwanza haikuwa kwa sababu ya kisu. Niliandika zamu saba. Mwishoni nilizunguka uzio, nikafungua kurasa na kuzibandika kwenye kioo cha lori kutokea nje. Yeye akavaa miwani, akazisoma akifuata kwa kidole upande wake wa kioo, mstari kwa mstari. Akasimama mahali pamoja, akagonga kioo. Zamu ya nne nilikuwa nimesahau kuandika nani alimsogeza mkimbiaji. Nikaandika palepale, juu ya boneti. Akanyanyua dole gumba, akawasha gari, akaondoka bila kunipungia.

Tulifungwa siku ile, 9 kwa 2. Binti yangu alitolewa mara mbili na akaokota mipira mitano ardhini, yote mitano akairusha safi hadi kituo cha kwanza. Ndani ya gari alinisimulia kila mmoja. Alizungumza njia nzima! Nilikuwa nimeisahau sauti yake ya kusimulia.

Msimu haukuwa laini. Mchezaji wa timu tuliyocheza nayo alipatikana na ugonjwa, tukafungiwa nyumbani wiki mbili. Timu nyingi za jimbo zilipitia hayohayo kiangazi kile. Mume wangu alitolewa hospitalini mwishoni mwa Juni, amepungua hadi suruali zake tukazifunga kwa kamba ya pazia. Kiwandani hakurudi. Alikaa kibarazani na mashine ya oksijeni, na kila mechi binti yangu aliporudi ilimbidi aeleze tangu mpira wa kwanza, maana mzee alianza kudai namba: alitoka vipi? 6-3 au 4-3? Sijui ni lini na yeye alikuwa amejifunza. Michuano ya kufuzu tulitolewa mapema. Fort Dodge hatukufika, wala hatujafika mpaka leo.

Mwaka uliofuata nilikwenda Fort Dodge mwenyewe, na Bibi, kutazama timu za wengine. Nililipa kiingilio changu. Kulikuwa na familia ya Kikongomani kutoka upande mwingine wa jimbo, tukatambuana kwa vitenge. Msichana wao alikuwa akicheza namba 8. Tulikula sambusa zangu chini ya mti na kuuliza nani ana undugu na nani upande wa Baraka na Uvira, kama ilivyo desturi, hadi radi ilipopiga. Sheria inataka radi ikisikika watu wote waondoke uwanjani na mchezo usianze tena hadi dakika 30 zipite bila nyingine. Tulikaa ndani ya magari karibu saa mbili.

Binti yangu amemaliza shule, anasomea uuguzi, na hachezi tena isipokuwa Jumapili na watu wazima wanaokunywa bia kati ya zamu. Mdogo wake ameichukua ile glavu. Imebadilishwa kamba zote, ila ukiinusa kwa karibu maandazi bado yamo. Mume wangu anafanya kazi ya ulinzi, anapanda ngazi kwa vituo. Mimi niliacha kisu mwaka 2022, nipo jikoni mwa shule ya msingi, vidole vinafunguka asubuhi bila maji ya moto. Na kiangazi naandika daftari.

Kazi hii ina mambo yake. Kila timu ina mwandishi wake, na baada ya kila zamu mnalinganisha. Zikitofautiana, daftari la wenyeji ndilo rasmi. Msimu uliopita, tukiwa kwetu, mpira ulipigwa kwa nguvu kuelekea kwa namba 6 wetu, ukaruka kwenye kiganja cha glavu, mpigaji akafika kituo cha kwanza. Kocha wa wageni akaja kwenye wavu akitaka mchezaji wake ahesabiwe pigo safi, kwa kuwa mpira ulikuwa mkali. Nikamwambia ulikuwa mkali lakini ulimfikia, na namba 6 wa sekondari anapaswa kuuzuia. Niliandika herufi E na namba 6, kosa la mlinzi. Akapandisha sauti. Nikamngojea amalize, kama nilivyowangojea wengi mlangoni mwa ghala, kisha nikamwomba anisogelee kidogo pembeni kwa sababu mpigaji anayefuata alishasimama tayari na yeye alikuwa ananiziba.

Namba 6 mwenyewe ni binti yangu wa pili. Hakunisemesha hadi kesho yake. Bibi naye, aliyekuwa kwenye kiti chake cha kukunja, anashikilia kwamba lilikuwa pigo safi na kwamba nimekuwa mkali kuliko yeye alivyonifundisha. Tumelibishania suala hilo kiangazi chote, na Mei likianza upya nina hoja nyingine mbili za kumpa.